Nitaisimuliaje historia ya Warumi barazani bila watu kurudi kwenye dhumna?

Mwana wa Malindi anauliza:

Assalaam aleikum, wakubwa na wadogo.

Kikundi chetu cha kusoma hukutana barazani kwetu hapa Mji Mkongwe kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, na kina desturi ya kumpa mwanachama mmoja mada moja aizungumze kwa wiki kadhaa, wenzake wakimsikiliza huku kahawa ikizunguka. Tumekwisha kusikia habari za pepo za misimu na safari za majahazi, habari za ugonjwa wa sukari, na hata namna ya kufuga nyuki. Zamu yangu ilipofika nilichagua historia ya Warumi wa kale, kwa sababu nimeisoma kwa muda mrefu na kwa mapenzi, nikadhani kwamba jambo nilipendalo mimi haliwezi kumchosha mwingine. Nilikosea.

Usiku wa kwanza nilianza pale vitabu vinapoanzia: mwaka 753 K.K., pacha Romulus na Remus, mbwa mwitu jike aliyewanyonyesha, kisha wafalme saba mmoja baada ya mwingine. Habari ya mbwa mwitu waliisikiliza. Nilipofika kwa mfalme wa nne nikasikia vipande vya dhumna vikigongwa upande wa pili wa baraza, na nilipofika kwa wa saba waliobaki mbele yangu walikuwa wawili, mmoja wao akiwa muuza kahawa, ambaye hawezi kuondoka kabla vikombe vyake havijarudi.

Wasikilizaji wangu ni mchanganyiko: wamo vijana wa skuli za sekondari, wamo mafundi na wafanyabiashara, na wamo wazee waliosafiri kwa jahazi mpaka Mombasa na Maskati. Hakuna anayejua Kilatini na hakuna atakayefanya mtihani. Nataka wafurahi, na warudi majumbani kwao wakibishana. Lakini sitaki kuifanya kazi hiyo kwa uongo, kwa maana nimeona video nyingi za mitandaoni ambamo kila kaisari ni mwendawazimu na kila karamu ni ya kutapika, na mtu akimaliza kuzitazama anakuwa amechekeshwa na hajui lolote.

Zimenibakia wiki sita. Nianzie wapi, nichukue nini, na niache nini?

Bi Mkubwa wa Chake anajibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimefundisha historia katika skuli za Pemba mpaka nilipostaafu, na hiyo dhumna ninaijua, ila kwangu mimi ilikuwa miayo.

Wafalme hawakukosea kitu. Uliwasafirisha wasikilizaji wako mpaka Roma kabla hujawaonyesha kwamba Warumi walikwishaingia majumbani mwao zamani. Hao wazee wako wamesoma Sura ya Rum tangu walipokuwa watoto chuoni. Wanajua kwamba inataja Warumi walioshindwa katika nchi iliyo karibu, na kwamba baada ya kushindwa kwao watashinda katika miaka michache. Basi wewe fungua kikao kwa swali moja tu: Warumi hao ni akina nani, na nani aliyewashinda? Utakuta wengi wanaijua aya na tafsiri yake, lakini hawajapata kusimuliwa vita vyenyewe: jinsi Waajemi walivyoiteka Jerusalem mwaka 614, jinsi Kaisari Heraclius, aliyekuwa ameshika utawala tangu mwaka 610 hali hazina yake ikiwa tupu, alivyoliongoza jeshi lake mwenyewe kuanzia mwaka 622, akaingia ndani ya nchi ya adui, na mwaka 627 akawavunja Waajemi karibu na Nineveh. Simulizi hiyo peke yake inatosha usiku mzima.

Na huyo Heraclius si mgeni katika lugha yetu. Yeye ndiye Herekali wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, wenye beti zaidi ya 1,000. Mmoja wa tenzi za zamani kabisa tulizonazo kwa maandishi ya Kiswahili unamhusu kaisari wa Warumi! Msomee mtu beti chache za utendi kwa sauti ya utendi, si kwa sauti ya gazeti, halafu umwambie kwamba unazungumza habari za Warumi, uone kama atanyanyuka.

Kutoka hapo nenda kinyumenyume. Mtu atauliza, na asipouliza mwulizishe: inakuwaje waitwe Warumi hali mji wao ni ule ambao leo tunauita Istanbul? Jibu litakurudisha kwa Kaisari Constantine, aliyeuzindua mji huo, Konstantinopoli, kuwa makao yake mwaka 330. Kisha mwingine atataka kujua Roma yenyewe ya Italia ilikuwaje, nawe utamwambia kwamba kaisari wa mwisho wa upande wa magharibi aliondolewa mwaka 476, kijana ambaye, kama kwa kejeli, aliitwa Romulus, jina lile lile la mwanzilishi. Huku mashariki waliendelea kujiita Warumi mpaka mwaka 1453. Ukienda hivyo, kila jibu linazaa swali, na utamfikia mbwa mwitu wako usiku wa mwisho, wakati watu wana hamu ya kujua haya yote yalianzia wapi.

Nina jambo dogo jingine, nalo huwapendeza sana watoto. Sisi miezi yetu mingi tunaihesabu kwa kuanzia Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Warumi nao walifanya hivyo hivyo. Mwaka wao wa zamani ulianza Machi, na kuanzia mwezi wa tano waliita miezi kwa hesabu, Quintilis, Sextilis, na kuendelea. Ndiyo maana Septemba maana yake ni wa saba ingawa leo ni wa tisa. Quintilis wakampa Julius Caesar mwaka 44 K.K., na Sextilis wakampa Augustus mwaka 8 K.K. Laiti na sisi tungekuwa na sultani mwenye tamaa ya namna hiyo, leo Mfungo Tano ungekuwa na jina la mtu.

Mtoto wa Dalali anajibu:

Shikamoo Bi Mkubwa. Umesema kweli kuhusu mlango wa kuingilia. Mimi nitasema kuhusu chumba chenyewe.

Marehemu baba yangu alinadi samaki Darajani kwa zaidi ya miaka 30, na kwake nilijifunza kwamba watu hawasikilizi habari ya bahari nzima, wanasikiliza habari ya mtungo ulio mbele yao. Historia ya Warumi ni zaidi ya miaka 1,000 hata kabla hujaifika Konstantinopoli. Ukitaka kuisimulia yote, utawapa majina. Chukua usiku mmoja, mahali pamoja, na mtu mmoja mwenye jambo analolitaka na kitu kinachomzuia.

Mimi ningechukua mnada wa mwaka 193, na kusema kweli nashangaa kwamba mtu aliyekulia Unguja anaweza kuhangaika kutafuta kisa hali kisa hiki kipo. Tarehe 28 Machi mwaka huo, askari walinzi wa kaisari, wale Praetoriani, walimuua Kaisari Pertinax, aliyekuwa amekaa madarakani siku 87 tu, kwa kuwa alitaka kuwarudishia nidhamu waliyokwisha kuisahau. Kisha wakajifungia kambini mwao na kuunadi utawala. Ndani ya kambi alikuwamo Sulpicianus, mkwe wa marehemu, yaani baba wa mkewe, ambaye alikuwa ametumwa kwenda kuwatuliza, naye badala ya kumlilia mkwewe akaanza kutaja bei. Nje langoni akafika seneta tajiri, Didius Julianus. Wanunuzi hawa wawili hawakuonana. Askari ndio waliokuwa wakipeleka maneno, wakimwambia huyu kwamba yule ametoa kiasi kadhaa, je, wewe unaongeza ngapi?

Bei ikapanda mpaka Sulpicianus akafikia sestertius 20,000, sarafu za Kirumi, kwa kila askari. Hapo Julianus aliacha kuongeza kidogo kidogo. Akaruka 5,000 kwa mpigo mmoja, akipaza sauti na kuonyesha kwa vidole. Kila aliyesimama kwenye mnada wa nguru anaijua mbinu hiyo. Anayeruka bei huwa hanunui samaki tu, huwa anamvunja moyo mwenzake. Askari wakamfungulia lango.

Usimulie kisa hiki kwa sauti mbili, ya ndani na ya nje, na katikati umweke askari anayekimbia. Usitaje Praetoriani walikuwa wangapi, usieleze mfumo wa majeshi, usianze na ukoo wa Julianus. Ukifika pale bei inapokwama 20,000, nyamaza, uagize kahawa. Watakaa.

Na mwisho wake unajisimulia wenyewe. Aliyenunua alikaa siku 66. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, pwani ya Libya ya leo, alikuwa akija na majeshi yake kutoka upande wa mto Danube, na baraza la maseneta likamhukumu Julianus kifo kabla hata mgeni hajaingia mjini. Inasimuliwa kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa: "Nimefanya ubaya gani? Nimemuua nani?" Severus naye akawaita wale askari walinzi waje bila silaha, kana kwamba anawapokea, akawazungushia watu wake na kuwafukuza kazi wote. Hivyo mwafrika wa kaskazini ndiye aliyeufunga mnada ule, na jambo hilo sema kwa sauti ya kawaida tu. Vijana watalidaka wenyewe.

Nahodha wa Kojani anajibu:

Mimi si msomi, ila nimeombwa na mwanangu niandike hili, na yeye ananisaidia kuliandika vizuri.

Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza, wakati Misri ikiwa chini ya Roma, nao unaitwa Periplus. Mwenye kuuandika alikuwa mfanyabiashara aliyezijua bandari kuanzia Bahari ya Shamu mpaka India na mpaka mwambao wetu huu, aliouita Azania. Anataja kisiwa kiitwacho Menouthias, cha tambarare na chenye miti mingi, ambako watu walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo, wakivua samaki na kasa. Na anasema kwamba badala ya nyavu walifunga vikapu kwenye milango ya mikondo baina ya miamba. Niliposomewa sehemu hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi mwenyewe ninasuka madema, na baba yangu alisuka, na babu yangu alisuka. Kisha anautaja mji wa soko wa mwisho, Rhapta, ambao jina lake linatokana na vyombo hivyo vilivyoshonwa, kama mitepe ya wazee wetu iliyoshonwa kwa kamba za makumbi. Walikuwa wakinunua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, wakileta mikuki, mashoka na vitu vya kioo.

Sasa Menouthias ni kisiwa gani? Wapo wanaosema ni Pemba, wapo wanaosema ni Unguja, na wapo wanaosema ni Mafia. Usikate shauri. Waache Wapemba na Waunguja wakate wenyewe, na ukifika alfajiri watakuwa hawajamaliza.

Na kama utazungumza habari za wanyama uwanjani kule Roma, unaweza kuuliza kuhusu mchezo wa ng'ombe wa huku kwetu Pemba, ila ueleze tofauti yake waziwazi, kwa maana ng'ombe wetu huchezwa, akarudi zizini.

Maalim wa Wete anajibu:

Namshukuru Bi Mkubwa, na namshukuru zaidi Nahodha. Kwa Mtoto wa Dalali nina neno, si la kumpinga bali la kumwekea mpaka.

Kisa kinachosimuliwa kwa sauti mbili na kahawa katikati ni kizuri mno, na uzuri wake ndio hatari yake. Msimulizi akishaona watu wamemkodolea macho, ulimi wake huanza kuongeza. Muulizaji amesema hataki uongo; basi namshauri asiufanye ukweli kuwa kizuizi cha burudani, bali aufanye kuwa burudani yenyewe. Sisi tuliokulia vyuoni tumefundishwa kuuliza kila habari: umeipokea kwa nani, na yeye aliipokea kwa nani? Watu wa barazani wanaijua isnadi kuliko wanavyojijua. Wape kisa, kisha wape wapokezi wake, uwaachie wahukumu.

Chukua moto wa Roma wa mwaka 64. Kila mtu amesikia kwamba Kaisari Nero alipiga fidla huku mji ukiungua. Anza kwa kusema kwamba fidla haikuwapo duniani mpaka karne ya 16. Wakishacheka, mlete mpokezi wa kwanza, Tacitus, aliyekuwa mtoto mdogo wakati wa moto ule: yeye anasema Nero alikuwa Antium, nje ya mji, kwamba aliporudi aliwafungulia bustani zake watu waliounguliwa, na kwamba ulikuwapo uvumi tu kwamba aliimba habari za kuungua kwa Troy. Kisha mlete Suetonius, aliyezaliwa baada ya moto: kwake uvumi umekuwa habari ya yakini, na Nero yuko juu ya mnara, amevaa nguo za jukwaani. Kisha mlete Cassius Dio, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye: naye amempandisha juu ya paa la kasri. Kisa kinakua mbele ya macho ya msikilizaji kama maneno ya harusi yanavyokua kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Halafu rudi kwenye mnada: huyo huyo Dio, ambaye kwa Nero ni mpokezi wa mbali, mwaka 193 alikuwa seneta na alikuwamo mjini Roma. Hapo ana uzito mwingine kabisa.

Vivyo hivyo farasi wa Kaisari Caligula. Suetonius anasema ilisemwa kwamba alikusudia kumfanya farasi wake kuwa konseli, cheo cha juu cha Roma. Hasemi kwamba alimfanya. Na "hata wewe, Brutus", maneno ambayo wengi wetu tuliyapata kwa Shakespeare kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963, hayamo kwa wapokezi wa kale namna hiyo: Plutarch anasema Caesar alipomwona Brutus alijifunika kichwa kwa vazi lake, na Suetonius anasema alikufa bila kutamka neno, isipokuwa wapo waliosimulia kwamba alisema kwa Kigiriki, "nawe pia, mwanangu". Hayo majeraha 23 aliyochomwa Caesar yanatosha, hayahitaji mapambo.

La mwisho ni zito, nami nitalisema bila kulizunguka. Usiwachekeshe watu kwa habari za watumwa. Mji unaoketi na kusimulia ulikuwa na soko la watumwa Mkunazini mpaka mwaka 1873, na huenda aliye mbele yako ni mjukuu wa aliyeuzwa, na aliye pembeni yake ni mjukuu wa aliyenunua, nao wanakunywa kahawa pamoja. Wapiganaji wengi wa viwanjani Roma walikuwa watumwa na mateka. Ukitaka kuwasimulia, msimulie Spartacus, aliyetoroka Capua mwaka 73 K.K. na wenzake wapatao 70 wakiwa na visu na mishikaki ya jikoni, wakayavunja majeshi yaliyotumwa kuwakamata. Na usiishie kwenye ushindi wao, fika mpaka mwaka 71 K.K., pale mateka 6,000 waliposulubiwa kando ya njia kutoka Capua hadi Roma, mwendo wa karibu kilomita 200. Hesabu hiyo igawe mbele yao, wajue baina ya msalaba na msalaba palikuwa na hatua ngapi. Hakuna atakayegonga dhumna.

Fundi wa Ng'ambo anajibu:

Naona wanaume wote mmeandika habari za vita, minada na moto. Mimi ni fundi cherehani, na barazani huwa sikai, lakini nasikiliza kupitia dirishani kama wanawake wengine wa mtaa, kwa hiyo muulizaji ajue kwamba wasikilizaji wake ni wengi kuliko anavyowahesabu.

Wasimulie watu wa kawaida. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 uliufukia mji wa Pompeii pamoja na mikate iliyokuwa jikoni na maneno yaliyoandikwa kutani. Na maneno hayo ni kanga tupu! Mmoja ameandika kwamba mfumaji nguo aitwaye Successus anampenda Iris, kijakazi wa mama mwenye nyumba ya wageni, naye Iris hana habari naye. Kisha akajitambulisha kwamba yeye mwandishi ni mshindani wake. Mwingine ameuambia ukuta kwamba anastaajabu haujaanguka kwa kubeba upuuzi wa waandishi wengi kiasi hicho. Mwanamke yeyote wa hapa akisikia hayo atajua kwamba watu hao walikuwa watu.

Na chakula pia: walitia katika karibu kila chungu mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi juani, ambao harufu yake, kwa anayejua ng'onda, haihitaji kuelezwa.

Mwana wa Malindi anarudi:

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa. Nilitaka kwanza nijaribu.

Alhamisi ya kwanza nilifuata njia ya Bi Mkubwa. Nilimwomba mzee mmoja asome aya za mwanzo za Sura ya Rum, kisha nikauliza swali lile, na kabla sijafika kwa Heraclius tayari watu watatu walikuwa wanabishana kuhusu nchi iliyo karibu ni ipi. Habari ya miezi niliisema nikiwa nimesimama kutaka kuondoka, ikatuchukua nusu saa nyingine.

Alhamisi ya pili niliogopa mnada, nikachukua kisa changu mwenyewe, cha Julius Caesar na maharamia. Alikamatwa baharini karibu na kisiwa cha Pharmacussa akiwa kijana wa miaka kama 25. Walipotaka talanta 20 za fidia aliwacheka, akasema hawajui wamemshika nani, akajipandishia bei mwenyewe mpaka 50. Akakaa nao siku 38, akiwaamuru wanyamaze anapotaka kulala, akiwasomea mashairi yake na kuwatukana wasipoyasifu, na akiwaahidi kwa mzaha kwamba atakuja kuwasulubisha. Fidia ikaja, wakamwachia, naye akakodi vyombo Miletus, akarudi, akawakamata, na akatimiza ahadi. Nilifuata ushauri wa Maalim: nikawaambia kwamba Suetonius anaongeza jambo, kwamba aliwachinja kwanza kabla ya kuwasulubisha, na yeye analihesabu hilo kuwa ni huruma. Walibishana kuhusu neno huruma mpaka saa tano usiku. Mzee mmoja aliyekuwa baharia alikataa katakata kwamba maharamia wanaweza kumvumilia mateka wa namna hiyo siku 38, na akauliza nani aliyekuwapo na kulisimulia, kama si Caesar mwenyewe. Sikuwa na la kumjibu, na nilifurahi kutokuwa nalo.

Jana ilikuwa zamu ya mnada. Mtoto wa Dalali, nilifanya kama ulivyosema, sauti mbili na askari katikati, na kwenye 20,000 nikanyamaza. Kijana mmoja wa sekondari akapaza sauti, "Ishirini na moja!" Akacheka kila mtu, na nilipotaja 25,000 baraza zima lilinyamaza. Dirisha la jirani, Fundi, lilikuwa wazi, na tangu sasa ninalihesabu.

Lakini nimekwama mahali pamoja na ninaomba msaada kabla ya Alhamisi ijayo. Tulipokuwa tunaondoka, muuza kahawa, ambaye tangu usiku ule wa kwanza hajawahi kusema neno, aliviweka vikombe vyake kwenye ndoo, akaniuliza kama wale askari walilipwa fedha zao. Nimeangalia: Herodian, mwanahistoria wa zama zile, anasema hazina ilikuwa tupu na Julianus hakuweza kuwalipa, ila ipo kauli nyingine inayodai kwamba aliahidi 25,000 akatoa 30,000. Nilimwambia kwamba wapokezi wamekhitilafiana. Alinitazama, akaniambia kwamba mtu anayedai huwa hakhitilafiani, na ndani ya wiki hii anataka jibu.